Jinsi au Jinsia? Maneno Mawili Yanayotupiga Chenga

Mwaka wa masomo ukianza huku ughaibuni, kinachotupokea kabla hata ya baridi ni fomu. Fomu ya bweni, fomu ya daktari, fomu ya benki, fomu ya kibarua cha wikiendi. Na karibu kila fomu inauliza jambo moja kwa majina mawili: hii imeandika "sex", ile imeandika "gender", na siku hizi zipo zinazouliza yote mawili, moja chini ya jingine, kama vile mwenye fomu hakuridhika na jibu la kwanza. Wengi wetu tunatia alama palepale tunapotia siku zote, tunasonga mbele. Na kila mtu anakijua kile kichekesho cha zamani cha jamaa aliyefika kwenye "sex" akaandika "bado sijaoa".

Lakini suala lenyewe siyo la kucheka tu, wala siyo la wale wanaosoma sosholojia peke yao. Kama umewahi kumkalimania mama wa Kikongo kwa mwanasheria wake wa uhamiaji, au kama umewahi kumweleza mzee kwa simu kwamba muhula huu umechukua somo la "Gender Studies", unajua neno moja likikaa vibaya mambo yanavyoharibika. Basi hebu tuyatazame maneno haya, ya kwao na ya kwetu.

Tofauti yenyewe, kama inavyofundishwa darasani, ni nyepesi. "Sex", ukiacha ile maana ya tendo, ni habari ya mwili: mtu kazaliwa na maumbile ya kike au ya kiume. "Gender" ni habari ya yale ambayo jamii inayapachika juu ya mwili huo: nani avae nini, nani apike, nani arithi shamba, nani aongee kwanza kikaoni, nani alie msibani na nani ajikaze. Kumnyonyesha mtoto ni la kwanza. Kumbeba mtoto mgongoni kwa khanga ni la pili, maana mgongo kila mtu anao.

Ukitaka kupima, vuka mpaka uone kama jambo linabadilika. Kanzu pale Unguja ni vazi la mwanamume mwenye heshima zake. Ivae Glasgow siku ya Idi, mtoto wa jirani atamuuliza mama yake kwa nini yule baba kavaa gauni, na baba wa huyo mtoto ana sketi yake ya Kiskoti imetundikwa kabatini inasubiri harusi. Nyumbani tunaambiwa jikoni ni kwa mama, lakini harusi ya pwani ikifika, yale masufuria ya pilau ya kulisha mtaa mzima mara nyingi yanasimamiwa na wanaume, na hakuna anayewaona wamepungukiwa. Kwa Wamasai anayejenga nyumba ni mwanamke. Miili ni ileile, kazi ndizo zinazohama.

Mfano ninaoupenda mimi ni mwani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Kabla ya hapo watu waliokota tu ule unaoletwa na bahari. Kwa hiyo kazi ya kupanda, kufunga kamba na kuvuna ilikuwa mpya kabisa, haikuwa na mila inayosema ni ya nani. Leo nenda kamuulize mtu yeyote kule, atakwambia mwani ni kazi ya wanawake, na kweli wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wanaume wengi walibaki kwenye uvuvi, baadaye wakaenda kwenye mahoteli, na bei ya mwani haikuwavutia. Wanawake tayari walikuwa wakishuka pwani maji yakitoka, kuokota chaza na kuvua pweza, wakaunganisha. Chini ya miaka arobaini, kazi isiyo na mila imepata mila, na wapo vijana wanaoona aibu kuonekana wamebeba gunia la mwani. Hapo ndipo unapoiona "gender" ikitengenezwa mchana kweupe.

Na mwili nao usidhani ni hesabu nyepesi siku zote. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu wanaume 23,548,056, wanawake 24,014,716, na watu 1,524 ambao maumbile yao hayaangukii upande mmoja. Kiswahili kina neno lake la siku nyingi, huntha, tulilolitoa kwenye Kiarabu. Vitabu vya fiqhi vilikuwa na mlango wa fungu la huntha katika mirathi karne nyingi kabla ya ofisi ya takwimu Nairobi kufikiria kumwekea safu yake. Huyu ni mtu wa upande wa "sex", upande wa mwili. Tunalisema hilo kwa sababu magazeti huwa yanamtupa kapu moja na mijadala mingine ambayo siyo yake.

Sasa, Waingereza wenyewe walianza lini kutenganisha? Siyo zamani kama unavyofikiri. Kwa muda mrefu kazi kubwa ya neno "gender" ilikuwa kwenye sarufi. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliokalishwa chini kukariri Kifaransa wanaijua habari hiyo: meza ni ya kike, kitabu ni cha kiume, na usiulize kwa nini. Mwaka 1955 mwanasaikolojia John Money, akiwa Baltimore nchini Marekani, akilitumia katika maandishi yake kuhusu watoto waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi, alilitoa neno hilo kwenye sarufi akalipeleka kwa watu: jinsi mtu anavyojionyesha na kuishi kama wa kike au wa kiume. Mwaka 1968 daktari wa akili Robert Stoller akatoa kitabu chenye maneno yote mawili kwenye jina, Sex and Gender. Halafu mwaka 1972 mwanasosholojia wa Uingereza Ann Oakley akatoa Sex, Gender and Society, na hapo neno likatoka hospitalini likaingia kwenye hoja za haki. Hoja yenyewe unaiona: yaliyowekwa na watu, watu wanaweza kuyaondoa.

Kutoka hapo lilisafiri mpaka kwenye mashirika na mikutano, na kituo kikubwa kabisa kilikuwa Beijing mwaka 1995, mkutano wa nne wa dunia wa wanawake, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mama Getrude Mongella wa Tanzania. Neno "gender" lilizua ubishi mkubwa katika maandalizi yake. Baadhi ya nchi ziliogopa limebeba mambo yaliyofichwa ndani. Mwishowe yakatolewa maelezo rasmi, yakaambatanishwa na ripoti ya mkutano, kwamba neno hilo lichukuliwe kwa maana yake ya kawaida inayokubalika. Maana ya kawaida! Kana kwamba hiyo maana ya kawaida siyo ndiyo iliyowagombanisha.

Wakati wasomi wanalivuta neno huku, watu wenye adabu zao walikuwa wanalivuta kule. Hapa kuna kisa alichokisimulia mwenyewe Ruth Bader Ginsburg, ambaye baadaye, mwaka 1993, aliingia Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani. Miaka ya 1970 alikuwa profesa na wakili wa kesi za ubaguzi, na sheria aliyokuwa akiipigania ilisema "sex". Katibu muhtasi aliyekuwa akimpigia chapa alimwambia: kila ukurasa neno ni hilo hilo, na majaji wote ni wanaume, wakiliona mara zote hizo akili zao zitakwenda pengine. Kwa nini usiandike "gender"? Akaandika "gender". Maana haikubadilika hata chembe, ilibadilishwa nguo tu.

Kwa hiyo yapo mafungu mawili ya watu wanaotumia neno moja. Msomi anasema "gender" kwa sababu anataka kusema kitu tofauti na mwili. Karani anasema "gender" kwa sababu anataka kusema mwili bila kuona haya. Fomu nyingi unazojaza zimeandikwa na karani. Zile sherehe wanazofanya wazazi watarajiwa, wanakata keki kuona kama ndani ni ya waridi au ya bluu, wanaziita za "gender", ilhali kilichoonekana kwenye mashine ya hospitali ni mwili tu. Mashine haijaona bado nani atapika.

Hata katiba inafanya hivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 27(8), inasema vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa visiwe na zaidi ya thuluthi mbili ya watu wa "gender" moja. Kinachohesabiwa pale ni vichwa, wanawake wangapi na wanaume wangapi. Hakuna anayeulizwa nani analea watoto nyumbani kwake. Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kuitekeleza kanuni hiyo mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje, na halikuvunjwa. Unaweza kusema neno lilikuwa "gender" kwenye karatasi, "sex" kwenye kuhesabu, na "gender" tena kwenye sababu ya wanawake kutofika bungeni.

Siku hizi tofauti hii imekuwa na uzito wa kisheria huku tuliko, ni vizuri kuijua hata kama hutaki kuingia kwenye ugomvi wao. Uingereza tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba neno "sex" katika Sheria ya Usawa ya 2010 maana yake ni jinsi ya kimaumbile. Marekani, amri ya rais ya tarehe 20 Januari 2025 iliziagiza ofisi za serikali kuu ziandike "sex" na siyo "gender" kwenye fomu na hati zao. Wapo waliofurahi na wapo walioumia, na nchi zote mbili bado zinabishana. Mimi ninachowaomba wenzangu ni kimoja: ukisoma tangazo la bweni au la kazi, soma ni neno lipi limetumika, kwa sababu haki inayofuata inategemea hilo.

Na watu kama sisi tuna nafasi yetu katika kisa hiki, tena kubwa. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2021 iliuliza kwanza "sex", kisha, kwa wenye miaka 16 na zaidi na kwa hiari, ikauliza swali refu: je, "gender" unayojitambua nayo ni sawa na "sex" uliyoandikishwa ulipozaliwa? Waliojibu hapana walikuwa kama watu 262,000, asilimia 0.5. Haya. Lakini takwimu zilipopangwa kwa maeneo, Newham na Brent, mitaa ya London iliyojaa wahamiaji, zikaonekana juu kabisa, zaidi ya Brighton ambako kila mtu angetegemea. Watafiti wakagundua kwamba wale ambao Kiingereza siyo lugha yao kuu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujibu hapana. Wengine yamkini hawakulielewa swali. Mwaka 2024 takwimu hizo zikaondolewa ule muhuri wa takwimu rasmi zilizothibitishwa.

Fikiria hapo. Mtu katoka kazini saa mbili usiku, amekaa na fomu, lugha yake ya nyumbani ina neno moja kwa mambo yote mawili au haina kabisa, na swali limeandikwa kama mtego wa mtihani. Anajibu chochote. Halafu jibu lake linatumika kupanga huduma za watu waliobadili upande, ambao nao wanahitaji kuhesabiwa sawasawa. Hasara ni ya pande zote.

Turudi kwetu. Kwenye semina za maendeleo Tanzania mgawanyo umepangwa vizuri: "jinsi" ni maumbile, "jinsia" ni mahusiano na majukumu ya kijamii. Mtandao wa Jinsia, TGNP, ulioanzishwa mwaka 1993, umelihubiri hilo miaka mingi. Ofisi ya Takwimu nayo imeshika msimamo: matokeo ya sensa ya 2022, watu 61,741,120, yametolewa kwa umri na jinsi. Kwenye karatasi, basi, tuko safi kuliko hata Waingereza.

Tatizo ni kwamba huko mtaani "jinsi" ina kazi nyingine. Jinsi ya kupika maandazi. Jinsi alivyokuja. Jinsi gani? Mpe mtu fomu yenye neno "Jinsi" na nukta mbili, hajui aandike nini, anasubiri sentensi iendelee. Kwa hiyo watu wamelikimbilia "jinsia" kwa sababu halina kazi nyingine, na likabebeshwa mzigo wote. Kenya utalisikia kwa maana zote mbili bila mtu kukunja uso.

Asili yake inachekesha kidogo. "Jins" kwa Kiarabu ni aina, na pia ni mwili wa kike au wa kiume. "Jinsiyya" kwa Kiarabu cha leo ni uraia! Wenzetu wa Muscat na Dubai wanajua: fomu ikiuliza "jinsiyya" unaandika Mtanzania au Mkenya, siyo mwanamke. Waarabu walipohitaji neno la "gender" ya wasomi wakaunda jingine, kwa maana ya "aina ya kijamii". Na "jins" yenyewe inatoka Kigiriki, "genos", ndugu wa damu wa "genus" ya Kilatini, ambayo ndiyo iliyozaa "gender" ya Kiingereza. Kwa hiyo jinsi, jinsia na gender ni mabinamu waliopotezana njiani, mmoja akapitia Syria na Uarabuni, mwingine akapitia Roma na Paris, wakakutana kwenye fomu yako ya bweni.

Kilichotokea baada ya "jinsia" kubebeshwa kila kitu ni kwamba neno limeanza kutisha. Mtu wa kawaida nyumbani analisikia wapi? Analisikia kwenye "mapenzi ya jinsia moja", analisikia kwenye "ukatili wa kijinsia" ambapo habari yenyewe ni ya ubakaji, na analisikia kwenye semina za wanawake. Polisi Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto. Mwanamume anayepigwa na mkewe hafikirii kwamba dawati hilo ni lake pia. Ukitazama jina la wizara iliyoundwa Januari 2022, "Jinsia" na "Wanawake" yamekaa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo usimlaumu mwananchi akidhani ni kitu kimoja. Basi binti anapompigia baba yake simu kutoka Leeds akamwambia "nasoma masomo ya jinsia", mzee anasikia mambo matatu kwa mpigo na hakuna hata moja alilolilipia ada. Mwambie kwamba unasoma namna jamii zinavyogawa kazi, mali na madaraka baina ya wanawake na wanaume. Ni maneno mengi zaidi, lakini atakuelewa, na pengine atakuwa na la kuchangia kuhusu shamba la bibi yako.

Hapo ni mzaha. Pasipo na mzaha ni kwenye ukalimani. Wengi wetu tunafanya kazi hiyo kujiongezea senti: hospitali, mahakama, mashirika ya wakimbizi. Tuseme mwanasheria anamuuliza mama aliyetoka Kivu kama aliwahi kutendewa "sexual violence". Mkalimani kijana, mwenye Kiswahili cha semina, anasema: "Je, umewahi kupata unyanyasaji wa kijinsia?" Mama anafikiri. Anajibu kwamba ndiyo, baba yake alikataa asisome, akasomesha kaka zake. Jibu hilo ni la kweli, na ni "gender" kabisa, lakini siyo lililoulizwa. Au anasema hapana, kwa sababu neno halikumgusa, na hapana hiyo inaandikwa kwenye faili litakaloamua kama anabaki au anarudishwa. Baadaye, akiulizwa vizuri na mtu mwingine, akieleza yaliyompata, ataambiwa maelezo yake yanapingana.

Kwa hiyo msimamo wangu, na najua wapo watakaoniona sina adabu, ni kwamba tendo liitwe kwa neno la tendo. Kiswahili kinalo: ngono, kujamiiana, kubaka, kumwingilia mtu kwa nguvu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inajulikana kama ya makosa ya kujamiiana, haikuona haya. Na tazama "rushwa ya ngono". Neno hilo lilipoanza kutumika kwa mwalimu anayemtaka mwanafunzi ili ampe alama, kila mtu alielewa mara moja, mpaka muuza genge. Lingeitwa "rushwa ya kijinsia" lingebaki kwenye ripoti. Mkalimani mwenye busara hubadilisha sauti na macho, hushusha, humpa mama nafasi, pengine huomba mkalimani mwanamke atafutwe, lakini neno halifichi. Na "unyanyasaji wa kijinsia" tuuachie mahali pake: msichana kunyimwa fizikia, mjane kutolewa nyumbani, mvulana kuchekwa kwa sababu kalia.

Jambo la mwisho ni lile linalonifurahisha zaidi. Watu hupenda kusema kwamba habari hizi za "gender" zimeletwa na ndege, kwamba kwetu hazikuwepo. Neno ni kweli limeletwa. Lakini sikiliza Kiswahili chenyewe. Sarufi yetu haijali mtu ni wa kike au wa kiume: yeye ni yeye, amekuja ni amekuja, ndiyo maana tukifika huku tunasema "my mother, he is a nurse" na darasa linaangua kicheko. Ngeli tunazo tele, za miti na za vitu, lakini ya kike na ya kiume hatuna. Wanaotakiwa siku hizi kutaja viwakilishi vyao kwenye barua pepe wangeandika "yeye" na kazi ikaisha.

Halafu lugha hiyohiyo isiyojali inafika kwenye ndoa inageuka. Mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kiingereza wote wawili wanafanya kitendo kimoja kwa kitenzi kimoja. Kwetu mmoja anatenda na mwingine anatendwa. Hiyo siyo habari ya mwili, ni habari ya nani katoa mahari na nani kahama kwao. Tuna "jikedume", maneno mawili ya mwili yaliyogandishwa pamoja kumtaja mwanamke mwenye mwenendo ambao jamii inawapa wanaume. Wazee waliuita mkono wa kulia mkono wa kuume, na wa kushoto mkono wa kuke, na mkono hauna ume wala uke wowote zaidi ya ule tulioupa. Kizulu, binamu wa Kiswahili, humwita mjomba "umalume", yaani mama wa kiume, na shangazi "ubabekazi", baba wa kike. Mtu aliyeunda maneno hayo alijua vizuri kwamba kuwa mama ni cheo pia, na cheo kinaweza kukaliwa na mtu mwenye mwili mwingine.

Nenda Mara, kwa Wakurya, utaikuta nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiyepata mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mdogo. Hawalali kama mke na mume. Mdogo anazaa na mwanamume atakayekuwepo, na watoto ni wa nyumba ya yule mkubwa, wanabeba jina na kurithi mali. Kenya kwa Wanandi ipo inayofanana nayo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hiyo katika kesi ya mirathi. Siisifii. Wapo mabinti wanaoingia humo kwa sababu ya umaskini au kukimbia waume wapigaji, na wapo wanaojikuta hawana sauti ndani yake. Lakini ukitaka kumweleza profesa wako "sex" ni nini na "gender" ni nini, huhitaji Oakley. Mwili wa yule mama ni wa kike, hakuna anayebisha. Cheo chake katika ndoa ni cha mume. Na Mswahili akitaka kusema hivyo hababaiki wala hatafuti neno la semina. Anasema tu: "Bibi kaoa." Itafsiri sasa kwa Kiingereza, "she got married", uone kilichobaki.

Wenye mifano ya kwao, Wakamba, Wanyamwezi, Wabembe, Waganda na wengineo, tuleteeni. Toleo lijalo tutakuwa na nafasi ya barua.